Mwongozo kamili: kumaliza mgogoro kwa usuluhishi, kuanzia barua ya mwaliko hadi hati ya mapatano

Ukanda wenyewe ulikuwa na upana wa hatua mbili za mtu mzima na urefu usiofika hatua hamsini. Upande mmoja kihamba, yaani shamba la ukoo lenye makazi na migomba, cha mama mjane, upande wa pili kihamba cha mwalimu mstaafu, na katikati mstari wa masale, mimea inayopandwa kuonyesha mpaka, uliofyekwa usiku mmoja na mtu ambaye mpaka leo hajajulikana. Miaka sita majirani hawa wa Kilimanjaro hawakusalimiana. Fedha ambazo mwalimu alishazimaliza kwenye nauli na barua za kuandikiwa zingemnunulia mbuzi kadhaa wa maziwa. Sisi wasaidizi wa kisheria tulipoitwa, mgogoro uliisha kwa vikao vitatu, cha mwisho tukiwa tumesimama kwenye matope ya shamba lenyewe.

Nitaurudia mgogoro huo mara kwa mara hapa chini, maana ndani yake kulikuwa na karibu kila kosa ambalo watu hufanya wanapotaka kuyamaliza nje ya mahakama. Mwongozo unafuata sheria za Tanzania Bara. Msomaji wa Kenya atakuta maandalizi ni yaleyale, ila milango ya kuingilia ni tofauti: huko Ibara ya 159 ya Katiba ya 2010 inaielekeza mahakama ihimize usuluhishi, na tangu 2016 mahakama zimekuwa zikipeleka kesi kwa wasuluhishi, zikianzia Milimani, Nairobi.

Kwanza, usuluhishi ni nini

Msuluhishi hatoi hukumu. Anawakalisha pande mbili, anawasikiliza, anawasaidia kutafuta mapatano, na mkishindwa kukubaliana anafunga daftari lake. Uamuzi ni kitu kingine: mwamuzi anasikiliza ushahidi kisha anasema nani ameshinda. Watu wengi huyachanganya haya mawili kwa sababu Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, inayoshughulikia migogoro ya kazi, inafanya yote mawili chini ya paa moja. Ukipelekewa wito, soma vizuri umeitiwa kipi. Kwenye usuluhishi una haki ya kusema hapana mpaka mwisho. Kwenye uamuzi, neno la mwisho si lako.

Hatua ya kwanza: jiulize kama jambo lenyewe linasuluhishika

Mipaka ya shamba, deni, kodi ya nyumba, mgawanyo wa faida ya biashara, mishahara, malezi ya watoto baada ya wazazi kutengana, kelele za jirani: haya yote yanafaa. Yanafaa zaidi pale ambapo mtaendelea kuonana kesho, kwenye kisima, msikitini, kanisani, sokoni au kwenye misiba.

Kuna mambo hayafai, na hapa sitazunguka. Mtoto aliyebakwa hasuluhishwi. Mwanafunzi aliyepewa ujauzito hasuluhishwi kwa ng'ombe wawili na kreti ya soda. Mwanamke anayepigwa hawezi kukalishwa meza moja na anayempiga halafu tukaita hayo mapatano, kwa sababu mtu mwenye hofu anakubali chochote ili kikao kiishe arudi nyumbani salama. Nimeona familia zikiyafunika haya kwa jina la "kuyamaliza kifamilia", na aliyefunikwa kila mara ni yule dhaifu. Hayo ni ya polisi, dawati la jinsia na watoto, na ustawi wa jamii. Yapo makosa madogo ya binafsi, mfano ugomvi wa maneno uliofika kusukumana, ambayo mahakama yenyewe inaweza kuruhusu wahusika wapatane. Lakini hapo mahakama ndiyo inayoruhusu. Baba mkubwa hana mamlaka hayo.

Hatua ya pili: jua mlango wako

Kwa ardhi ya kijiji, unaanza kwa baraza la ardhi la kijiji. Linatokana na Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 na lina wajumbe saba, watatu kati yao wanawake. Msiporidhika mnakwenda baraza la kata. Watu wengi bado wanalidhania baraza la kata kuwa mahakama, na kweli zamani lilikuwa linatoa hukumu. Mabadiliko ya sheria ya 2021 yaliliondolea mamlaka hayo, sasa kazi yake ni kusuluhisha tu, tena ndani ya siku 30. Likishindwa linakupa cheti, na bila cheti hicho baraza la ardhi na nyumba la wilaya halisikilizi shauri lako. Kama siku 30 zimepita baraza halijasuluhisha, unaweza kwenda wilayani bila cheti. Kwa hiyo tunza karatasi inayoonyesha tarehe uliyopeleka lalamiko, imegongwa muhuri. Nimewahi kumwona mtu akirudishwa kutoka wilayani, kilomita zaidi ya hamsini, kwa kukosa karatasi hiyo tu. Na kwenye baraza la kata wakili haruhusiwi kukusemea. Nenda na nafsi yako, au baraza likikubali, ndugu yako.

Kwa ndoa, Sheria ya Ndoa ya 1971 inamtaka anayeomba talaka mahakamani apitie kwanza baraza la usuluhishi la ndoa, ambalo linaweza kuwa la kata au la jumuiya ya dini lililotambuliwa. Wakishindwa kupatanishwa, baraza linatoa hati kwamba limeshindwa, na hati hiyo isizidi miezi sita siku unapofungua shauri. Wapo wanaosamehewa hatua hii, kama mtu aliyetelekezwa na mwenzi asiyejulikana aliko, au ambaye mwenzi wake amekataa makusudi kufika barazani.

Kwa kazi, ni Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, kwa kujaza fomu yake namba 1, ukamkabidhi mwajiri nakala na kubaki na uthibitisho kwamba ameipokea. Hapa siku ndizo zinazowamaliza wafanyakazi. Ukiachishwa kazi una siku 30 tu. Kwa madai mengine, kama mishahara isiyolipwa, una siku 60. Mfanyakazi anakaa miezi mitatu akiahidiwa na bosi wake kwamba "tutaliangalia", halafu anafika Tume akiwa amechelewa, na inabidi aanze na ombi la kusamehewa kuchelewa kabla hata hajasikilizwa. Msubiri bosi wako ukiwa umeshajaza fomu. Fomu haikuzuii kuelewana naye. Ukishafungua, fika kila kikao: mlalamikaji asipotokea, msuluhishi anaweza kufuta lalamiko, na mwajiri asipotokea, lalamiko linaweza kuamuliwa bila yeye.

Kwa deni na biashara hakuna mlango mmoja wa lazima. Mnaweza kumtumia mtu mnayemwamini wote, kiongozi wa chama cha wafanyabiashara, au msuluhishi aliyesajiliwa na Wizara ya Katiba na Sheria. Mkiwa mmeshafika mahakamani, kesi nyingi za madai hupelekwa kwanza kwa msuluhishi kabla ya kusikilizwa, kwa siku 30, na anayekwepa kikao bila sababu anaweza kujikuta kesi yake imefutwa au utetezi wake umeondolewa.

Hatua ya tatu: hesabu siku kabla ya kukaa

Mazungumzo mnayoyafanya wenyewe hayasimamishi saa ya sheria. Kwa kawaida dai la mkataba lina ukomo wa miaka 6, la ardhi miaka 12, la kuharibiwa mali au kuumizwa miaka 3. Ukiona mwenzako anapenda sana vikao visivyoisha na muda wako unakaribia ukingoni, fungua shauri kwanza, kisha endeleeni kuongea.

Hatua ya nne: jiandae kama unayekwenda kuuza ng'ombe

Chukua karatasi moja, usizidishe. Andika kilichotokea kwa tarehe, bila matusi na bila neno "siku zote". Chini yake andika unachodai. Halafu, na hapa watu huwa hawafiki, andika kwa nini unakidai.

Kwenye mgogoro wetu, mama alisema anataka ukanda wake, mwalimu akasema ni wake. Kwa maneno hayo tungekaa mpaka leo. Tulipomuuliza kila mmoja pembeni kwa nini hasa, yalitoka mengine kabisa. Mwalimu alikuwa anataka maji. Mfongo, yaani mfereji wa maji ya kumwagilia, unapita juu ya kihamba cha mama, na migomba ya mwalimu iliyo chini ilikuwa inakauka. Kwake ukanda ule ulikuwa njia ya maji. Mama, kwa upande wake, hakuwa na shida na maji. Aliogopa kwamba akiachia hatua mbili leo, mashemeji zake watasema hana nguvu na kumwondoa kabisa kwenye kihamba cha marehemu mume wake. Mmoja alitaka maji, mwingine alitaka usalama wa mahali pa kuishi. Vitu hivyo viwili havigombani.

Kusanya na ushahidi: risiti, meseji za simu (zipige picha, usizifute), hati ya kununulia, picha za eneo, majina ya wazee wanaoujua mpaka. Kisha hesabu itakugharimu nini msipopatana: nauli, siku za kazi zinazopotea, ada, wakili. Andika tarakimu. Mtu asiyejua gharama ya kukataa hawezi kujua kama anachopewa ni kidogo au kikubwa.

Jambo la mwisho kwenye maandalizi limevunja mapatano mengi kuliko chuki: hakikisha anayekaa mezani ana mamlaka ya kusaini. Kama mwenye mali amefariki, yuko wapi msimamizi wa mirathi? Mama wetu hakuwa ameteuliwa. Angesaini, shemeji mmoja angesimama kesho kutwa na kusema hati haina maana, na angesikilizwa. Tulisimamisha kikao cha kwanza hapohapo, tukamsaidia kuitisha kikao cha ukoo na kufungua mirathi Mahakama ya Mwanzo. Ilituchukua miezi. Lakini aliporudi na barua ya usimamizi kwenye mkoba wake, alikuwa mtu mwingine, na nusu ya hofu aliyokuwa nayo juu ya ukanda iliisha kabla mwalimu hajasema neno. Kwa kampuni, dai barua inayoonyesha kwamba aliyekuja ametumwa na anaruhusiwa kukubali. Kwa ardhi ya familia, mke au mume awepo na asaini pia.

Hatua ya tano: mwalike mwenzako bila kumchokoza

Barua ya mwaliko iwe fupi. Isimtaje kama mkosaji. Mfano:

"Mwalimu, shikamoo. Mimi na wewe tuna suala la mpaka ambalo halijaisha. Ningependa tukae mbele ya mtu tutakayemkubali sote tuone kama tutaelewana. Napendekeza Jumamosi, saa 4 asubuhi, ofisi ya kijiji. Kama siku hiyo haikufai, taja nyingine. Yatakayosemwa hapo ni kwa ajili ya kupatana, na hakuna atakayeyatumia dhidi ya mwenzake baadaye."

Sentensi ya mwisho usiiache. Ndiyo inayomwezesha mtu kusema "nitalipa nusu" bila kuogopa kwamba kesho itasomwa mahakamani kama ungamo. Barua ipelekwe na mtu anayeheshimika kwa wote, au mwenyekiti wa kitongoji, na ibaki nakala. Usiitume kwenye kundi la WhatsApp la ukoo. Ukishamwaibisha mtu mbele ya wajomba zake, hatakuja kupatana, atakuja kujisafisha.

Hatua ya sita: chagueni msuluhishi

Asiwe na kitu cha kupata. Asiwe mdai wa mmoja wenu, wala mkwe, wala mtu anayetaka kulinunua eneo hilohilo. Elimu kubwa si lazima, ila awe mtu anayeweza kunyamaza, maana msuluhishi anayependa kusikika huishia kuhutubia. Kama ni wa kulipwa, mkubaliane gharama kwa maandishi na mgawane nusu kwa nusu, asionekane ameajiriwa na mmoja. Ukiombwa fedha barazani, dai risiti. Mahali ambapo watu hawamudu chochote, tafuteni msaidizi wa kisheria aliyesajiliwa chini ya Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017. Huduma yake ni bure.

Hatua ya saba: siku ya kikao

Kaeni kwa namna ambayo hakuna aliye juu. Sisi tulipanga benchi mbili zikitazama upande mmoja, kwenye ubao tulikochora ramani ya vihamba kwa chaki, ili watu waiangalie ramani badala ya kukaziana macho.

Kanuni ziwe chache na zikubaliwe kwa sauti: mmoja anaongea, mwingine anasubiri; hakuna matusi; simu zimezimwa; kinachosemwa hapa kinabaki hapa. Kisha kila mmoja aeleze bila kukatizwa. Msuluhishi arudie alichosikia kwa maneno yake mwenyewe na kuuliza, "Mama, nimekuelewa sawasawa?" Linaonekana dogo, lakini mtu ambaye kwa miaka sita hakuna aliyemsikiliza, akisikia malalamiko yake yakirudiwa kwa heshima na mtu wa pembeni, mabega yanashuka. Nimeliona likitokea mara nyingi mno.

Mkikwama, ombeni vikao vya faragha. Msuluhishi anaongea na mmoja pembeni, kisha mwingine, na habebi siri ya mmoja kwenda kwa mwenzake mpaka aruhusiwe. Hapo ndipo ukweli wa maji na mashemeji ulipotoka. Mwalimu asingeweza kuomba maji mbele ya watu baada ya miaka sita ya kudai ardhi.

Kama mgogoro ni wa kitu kinachoonekana, nendeni mkakione. Kikao chetu cha tatu tulikifanya shambani tukiwa na mzee mmoja aliyekuwepo masale yalipopandwa. Alitembea taratibu, akasimama, akachimba kwa fimbo. Chini ya udongo kulikuwa na kisiki cha sale, bado kibichi. Akasogea, akachimba tena, kingine. Mstari ulianza kuonekana wenyewe, na mwalimu aliuona mapema kuliko sisi wengine, kwa sababu ulikuwa umepita ndani kidogo ya pale alipokuwa akidai.

Na usisaini ukiwa umechoka au umetishwa. Una haki ya kusema, "Naomba nikalale nalo, tukutane kesho."

Hatua ya nane: andikeni hati, kila kitu kwa kipimo

Hapa ndipo ninapoomba msomaji atulie, maana furaha ya kupatana huwafanya watu waandike vibaya. Hati nyingi nilizozikuta zikirudi kama mgogoro mpya zilikuwa na sentensi ya namna hii: "Wahusika wamekubaliana kuheshimiana na kila mmoja kubaki kwenye eneo lake." Eneo lake ni lipi?

Yetu iliandikwa hivi: "Mpaka unaanzia kwenye jiwe kubwa jeusi lililo kando ya mfongo, unapita shina la mparachichi upande wa mashariki, na kuishia kona ya msingi wa choo cha zamani. Umepimwa leo kwa futi kamba mbele ya pande zote mbili na una urefu wa mita 38." Na kuhusu maji: "Mwalimu atapitisha maji ya mfongo kwenye kona ya juu ya kihamba cha mama kila Jumanne na Ijumaa, saa 12 asubuhi hadi saa 4 asubuhi. Ruhusa hii ni ya kupitisha maji tu na haimpi umiliki wa ardhi."

Kwa deni, andika kiasi kwa tarakimu na kwa maneno, tarehe ya kila awamu, namba itakayopokea fedha, na kitakachotokea awamu moja ikirukwa, mfano kwamba salio lote litadaiwa mara moja. Usiandike "atalipa mambo yakikaa sawa".

Kila hati iwe na majina kamili ya wahusika, tarehe, mahali, nani anafanya nini kabla ya lini, mtakwenda wapi mkitofautiana tena, na saini za wahusika, wenzi wao na mashahidi. Kwa asiyejua kusoma, hati isomwe yote kwa sauti kwa lugha anayoielewa, iandikwe kwamba imesomwa, kisha aweke dole gumba. Nakala nne: moja kwa kila upande, moja ofisi ya kijiji au baraza, moja kwa msuluhishi.

Hatua ya tisa: ipeni hati nguvu

Mapatano ya nje ya mahakama ni mkataba. Mwenzako akiyakiuka unamshtaki kwa kuvunja mkataba, na hati ndiyo ushahidi wako. Kama kesi ilikuwa tayari mahakamani, peleka hati ya mapatano isajiliwe: inageuka hukumu ya maridhiano, unaweza kuomba ikaziwe, yaani itekelezwe kwa nguvu ya mahakama, kama hukumu nyingine, na kwa kawaida haikatiwi rufaa. Ndiyo maana isomeni mara mbili kabla ya kuisajili. Mapatano ya Tume ya Usuluhishi na Uamuzi nayo hukaziwa kupitia mahakama. Mliyopatana barazani yaandikwe kwenye kumbukumbu za baraza, nawe uondoke na nakala yenye muhuri.

Mkishindwa kabisa, ombeni cheti siku hiyohiyo na mwende mbele bila kuona mmepoteza muda. Angalau sasa mnajua mnabishania nini hasa.

Hatua ya kumi: rudini kukagua

Wekeni tarehe ya kurudi, tena ndani ya hati. Sisi tuliandika miezi mitatu.

Lakini kabla ya kuondoka siku ile ya shambani, mwalimu aliingia migombani, akarudi na jani la sale ameligeuza fundo, akampa mama kwa mikono miwili. Kwa Wachaga, sale linaonyesha mpaka na jani lake hilohilo ndilo la kuombea msamaha. Mama alilishika muda mrefu bila kusema, kisha akamwita mwanawe alete jembe.

Tuliporudi baada ya miezi mitatu, mstari ulikuwa umeshika, isipokuwa masale mawili karibu na mparachichi yaliyokuwa yamenyauka kwa kivuli. Mwalimu alikuwa ameshaleta mengine. Mama alikuwa anayamwagia maji ya mfongo. Ilikuwa Ijumaa, saa 2 asubuhi.